Braga msimu gani? Juma Kuu, Braga Romana, São João au maonyesho ya vuli

Braga iko kaskazini mwa Ureno, saa moja hivi kwa treni kutoka Porto. Warumi waliuita mji huu Bracara Augusta. Kanisa lake kuu, ambalo wenyeji hulitaja kwa neno moja tu, Sé, liliwekwa wakfu mwaka 1089, na Mreno akitaka kusema kitu ni cha zamani mno husema kimeipita umri Sé ya Braga. Wanaopanga kwenda hukwama palepale: sherehe ni nyingi, likizo ni moja.

Kuchagua ni kugumu kwa sababu sherehe hizi zote hutumia mitaa ileile. Kutoka lango la Arco da Porta Nova mpaka Avenida Central ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Humo humo ndimo misafara ya Pasaka inamopita, wachuuzi waliovaa Kirumi wanamopanga meza zao, nyundo za plastiki za São João zinamolia, na majukwaa ya muziki yanamosimamishwa. Majengo ni yaleyale mwaka mzima. Kinachobadilika ni saa ya siku, sauti, na kazi ambayo miguu yako itafanya. Kwa hiyo hapa hatupimi sherehe ipi ni nzuri zaidi. Tunapima mambo sita: tarehe inajulikana mapema kiasi gani, utaona nini hasa, umati ukoje, gharama na kitanda, nini huwa kinaharibika, na nani anafaidi.

Neno moja kuhusu saa kabla ya kuanza. Ratiba za Ureno huandika 21h30, nayo ni saa tatu na nusu usiku. Na ukiona "noite de 23 para 24", sisi tuna namna yetu ya kulisema hilo bila kukosea: usiku wa kuamkia tarehe 24. Wapo wanaokata tikiti ya treni ya jioni ya tarehe 24 wakidhani wanawahi sherehe, wakafika watu wanafagia.

Juma Kuu (Semana Santa)

*Tarehe.* Hufuata Pasaka, kwa hiyo huhama: Pasaka ni Aprili 5 mwaka 2026, Machi 28 mwaka 2027 na Aprili 16 mwaka 2028. Unaweza kupanga hata miaka miwili mbele. Siku zenye uzito ni Jumatano, Alhamisi na Ijumaa Kuu.

*Cha kuona.* Misafara mitatu ya usiku, na kila mmoja una sura yake. Wa Jumatano huitwa Burrinha, yaani punda mdogo, kwa sababu ya punda anayembeba Bikira Maria na mtoto wakikimbilia Misri. Mbele yake hupita masimulizi ya Agano la Kale kuanzia Abrahamu, watu wengi wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza. Ndio msafara unaoeleweka na mtoto bila kuelezwa.

Wa Alhamisi, Ecce Homo, ndio ambao picha zake zimeenea. Hutanguliwa na farricocos: wanaume waliovaa kanzu nyeusi na kofia za kufunika uso zenye matundu mawili ya macho, kamba kiunoni, miguu mitupu juu ya mawe ya barabara. Baadhi hubeba vyungu vya chuma juu ya miti mirefu, ndani yake moto unawaka. Wengine huzungusha vibao vya mbao vinavyotoa mlio mkavu wa kukwaruza, unaosikika mtaa mzima kabla hujaona mtu. Mbao hizo zina sababu: kuanzia misa ya Alhamisi Kuu mpaka mkesha wa Pasaka kengele za kanisa hunyamaza, na mbao hushika nafasi yake. Msomaji mweusi aliyezoea kuona kofia za namna hii kwenye picha za Marekani anaweza kushtuka. Hawa hawana uhusiano na wale. Ni desturi ya toba yenye karne kadhaa, na zamani waliovaa hivi walipita wakitangaza hadharani dhambi za watu wa mji, jambo ambalo huenda ndilo lililofanya kofia iwe ya lazima.

Ijumaa usiku ni maziko ya Bwana, na ndio msafara mzito kuliko yote. Asiyetaka kusimama nje usiku aende Sé Ijumaa mchana. Braga ina liturujia yake ya kale, na baada ya ibada ya mateso Ekaristi hubebwa ndani ya kanisa kama jeneza, makasisi wakiimba maombolezo.

*Umati na miguu.* Watu hupanga foleni kando ya njia saa nzima kabla, na msafara wenyewe huchukua kama saa mbili. Hesabu saa tatu za kusimama. Watu huongea kwa sauti ya chini, na anayepiga simu hutazamwa.

*Gharama na kitanda.* Misafara ni bure. Vitanda hupanda bei kuanzia Jumatano. Kulala Porto kunawezekana, lakini msafara ulioanza saa tatu na nusu huisha karibu saa sita, kwa hiyo angalia treni ya mwisho kabla hujatoka hotelini, si ukiwa barabarani.

*Kinachoharibika.* Mvua. Braga ni miongoni mwa miji ya Ureno inayopata mvua nyingi, na mwezi Machi usiku nyuzi joto hushuka chini ya 10. Mvua ikikaza, msafara hufupishwa, huingizwa kanisani au hufutwa, na haurudiwi kesho yake. Ndiyo maana kwenda kwa usiku mmoja tu ni kucheza kamari. Lala siku tatu, huenda ukapata angalau miwili.

*Nani anafaidi.* Mwenye imani, mpiga picha mvumilivu, mpenda mambo ya kale ya Kanisa. Kwa anayetaka muziki na kucheza, wiki hii itamchosha.

Ukiwa huko, ingia hazina ya Sé mchana. Mna viatu vya visigino virefu vya askofu mkuu Rodrigo de Moura Teles, aliyekuwa mfupi sana, na msalaba wa chuma unaohusishwa na misa ya kwanza iliyosomwa Brazil mwaka 1500. Msafiri wa pwani yetu asimame kidogo mbele ya msalaba huo. Merikebu za nahodha Mreno Cabral zilizofika Brazil mwezi Aprili ndizo zilizotia nanga Kilwa mwezi Julai mwaka huohuo, kisha Malindi. Na neno igreja, kanisa, ambalo utaliona kwenye kila kibao cha mtaani, ndilo lililotupa sisi gereza.

Braga Romana

*Tarehe.* Nusu ya pili ya Mei kwa kawaida, siku tano kuanzia Jumatano mpaka Jumapili. Siku kamili hutangazwa na halmashauri ya mji mwaka wenyewe, kwa hiyo tikiti ya ndege ya mapema iache nafasi ya siku mbili tatu.

*Cha kuona.* Soko la kuigiza enzi za Bracara Augusta katika vichochoro vya kuizunguka Sé: wafua chuma, wafinyanzi, wasuka vikapu, askari wa jeshi la Kirumi wakipiga gwaride, mapigano ya maonyesho, na watoto wa shule za mji waliovaa kanzu nyeupe. Tuseme ukweli, soko hili ni mchezo. Vinyago na mapambo mengi ni ya kazi za mikono za leo, na mishikaki inayochomwa pale Mrumi asingeitambua.

Lakini sherehe hii ina kitu ambacho nyingine hazina: vitu halisi viko hatua chache kutoka mchezo. Mabafu ya Alto da Cividade, yaliyogunduliwa mwaka 1977, yanaonyesha wazi nguzo fupi zilizopitisha hewa ya moto chini ya sakafu, na kando yake ukumbi wa maigizo wa Kirumi. Fonte do Ídolo ni chemchemi iliyochongwa kwenye mwamba karne ya kwanza, yenye sanamu ya mtu na maandishi ya mtu aitwaye Celicus Fronto akimtolea wakfu mungu wa wenyeji. Imefichwa ndani ya jengo dogo la kisasa na wengi hupita bila kujua. Makumbusho ya D. Diogo de Sousa yana nguzo za mawe za njia kuu za Kirumi zenye kuhesabia maili. Mpangilio mzuri ni huu: magofu asubuhi siku ya kazi, soko alasiri.

*Umati na miguu.* Mchana wa Jumatano hadi Ijumaa unatembea bila kusukumana. Jumamosi jioni vichochoro hujaa hadi kigari cha mtoto hakipiti, na mawe ya barabara yenyewe hayana huruma na magurudumu madogo. Mbebe mtoto mgongoni.

*Gharama na kitanda.* Kuingia sokoni ni bure. Fedha huishia tumboni na kwenye panga za mbao za watoto. Beba pesa taslimu, meza nyingine hazina mashine ya kadi. Malazi ni ya bei nafuu kuliko Pasaka na Juni.

*Kinachoharibika.* Jumatatu makumbusho hufungwa, na anayefika Jumapili jioni akidhani atamalizia magofu kesho yake atakuta milango imekazwa.

*Nani anafaidi.* Familia yenye watoto wa kati ya miaka 5 na 12, walimu, na yeyote anayetaka mchana kuliko usiku.

São João

*Tarehe.* Hii ni sikukuu ya Mtakatifu Yohane, nayo haihami: usiku wa kuamkia Juni 24, na tarehe 24 yenyewe ni sikukuu ya mji. Shamrashamra huanza siku kadhaa kabla. Mwaka 2027 tarehe hiyo ni Alhamisi.

*Cha kuona.* Kwanza ni cha kusikia: ngoma kubwa za bombo zinazopigwa na vikundi vinavyopishana barabarani, kila kimoja kikitaka kukizima kingine. Majitu ya kuigiza yenye vichwa vikubwa hucheza mbele yao. Avenida da Liberdade hupambwa taa mpaka Parque da Ponte, lilipo kanisa dogo la Mtakatifu Yohane, na kwenye mto Este husimamishwa sanamu za ubatizo wa Kristo. Watu hugongana vichwani kwa nyundo za plastiki zinazolia "pii", bila kujuana na bila kukasirikiana. Wazee bado hubeba desturi ya zamani zaidi: shina refu la kitunguu lenye ua, ambalo hupakwa usoni mwa mpita njia, na harufu yake haitoki upesi. Mchana wa tarehe 24 hupita ngoma ya Mfalme Daudi na wachungaji wake, jambo la Braga hasa, ambalo Porto hulipati.

Na kuna mrehani. Kila dirisha, kila meza: chungu kidogo cha mrehani wa majani madogo uliokatwa ukawa duara kama mpira, umechomekwa ua la karatasi na kibendera chenye beti za mapenzi. Wanauita manjerico. Mtu wa pwani atainama kuunusa mara moja, na hapo ndipo atakapokemewa, maana wanaamini pua ikigusa mmea unakauka. Unaweka kiganja juu ya majani, unayapapasa taratibu, kisha unanusa kiganja.

*Umati na miguu.* Huu ndio umati mkubwa kuliko wote hapa, kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri. Mtoto mdogo aende saa kumi na mbili jioni, kungali mwanga, arudi kabla ya saa nne.

*Gharama na kitanda.* Barabara ni bure, kitanda si bure kabisa. Vyumba vya usiku huo huisha miezi kadhaa kabla, kwa sababu Porto nayo inasherehekea usiku uleule na wageni hufurika miji yote miwili. Chagua chumba kilicho mbali na Avenida da Liberdade kama unakusudia kulala.

*Kinachoharibika.* Kuchanganya miji. Fataki maarufu za usiku wa manane juu ya mto Douro ni za Porto, si za Braga. Kuhama mji saa tano usiku ili upate zote mbili ni njia ya kukosa zote: treni hujaa na barabara za katikati hufungwa. Kosa jingine ni viatu vya wazi. Usiku ukifika kati, chini kuna vioo, mafuta ya sadini na bia.

*Nani anafaidi.* Vijana, marafiki, mtu aliye peke yake anayetaka kuzungumza na watu bila kutambulishwa. Mwenye kuudhika na moshi na makelele asijitie.

Septemba na Oktoba: Noite Branca na maonyesho

*Tarehe.* Hapa si sherehe moja bali mfululizo. Noite Branca, usiku mweupe, huwa mwishoni mwa wiki mapema Septemba. Encontros da Imagem, tamasha la picha lililoanza mwaka 1987, huanza Septemba na kuendelea Oktoba. Semibreve, la muziki wa kielektroniki na sanaa za kidijitali, huwa mwisho wa Oktoba.

*Cha kuona.* Noite Branca ni matamasha ya wazi, watu wamevaa meupe, na makumbusho yakiwa wazi hadi usiku. Encontros da Imagem haina ukumbi mmoja. Picha husambazwa katika majengo mengi ya mji, na ramani yake yenyewe ni njia ya kuijua Braga kwa ndani. Semibreve hukaa zaidi katika Theatro Circo, jumba la mwaka 1915 lenye balkoni za dhahabu, na gnration, iliyokuwa kambi ya askari polisi. UNESCO iliutambua mji huu mwaka 2017 kuwa mji wa ubunifu wa sanaa za vyombo vya habari, na msimu huu ndio unaoeleza kwa nini.

*Umati na miguu.* Noite Branca imejaa. Maonyesho hayajai kabisa, na asubuhi ya siku ya kazi unaweza kuwa na chumba kizima cha picha peke yako.

*Gharama na kitanda.* Noite Branca ni bure. Semibreve ina tikiti, nazo huisha kwa sababu viti vya jumba vinahesabika. Oktoba vyumba ni rahisi.

*Kinachoharibika.* Wageni huja Oktoba wakitarajia mji wa sherehe, wakakuta mji wa kazi wenye mvua na wanafunzi. Na Jumatatu, tena, milango imefungwa.

*Nani anafaidi.* Mpenda picha na sanaa, anayesafiri na mzazi mzee, anayechukia kusukumwa.

Yanayohusu zote

Kutoka Porto, treni za mkoa huondoka São Bento na Campanhã. Tikiti hupakiwa kwenye kadi, na lazima uiguse kwenye mashine ya jukwaani kabla ya kupanda. Kuilipia tu hakutoshi, na faini ipo. Migomo ya reli si adimu, kwa hiyo siku ya ndege usitegemee treni ya mwisho. Basi la moja kwa moja kati ya Braga na uwanja wa ndege wa Porto huokoa wengi.

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata kama anaishi London. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima lazima ifike yuro 30,000. Uamuzi huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Kwa hesabu hiyo, anayetaka Pasaka ya Machi 28 aanze shughuli Oktoba.

Chakula kina mitego kwa asiyekula nguruwe au asiyekunywa pombe. Supu ya caldo verde huonekana ni mboga na viazi tu, lakini hutiwa kipande cha soseji ya nguruwe, na kusema "sem chouriço" mara nyingi hakutoshi kwa sababu huenda imechemshwa nayo. Pudim Abade de Priscos, pudini maarufu ya Braga, hupikwa kwa viini vya mayai, mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Porto, ingawa ukiitazama utadhani ni karameli tu. Sadini za kuchoma na chewa mkavu, bacalhau, ni salama zaidi. Mkate na zeituni zinazowekwa mezani bila kuagizwa hulipiwa ukizigusa. Sema "não, obrigado", zitaondolewa bila kinyongo. Na agiza meia dose, nusu sahani, kabla ya kuagiza nzima.

Kwa hali yako

Una watoto wadogo: Braga Romana, Alhamisi na Ijumaa. Kama shule zao zinafungwa Pasaka tu, basi Jumatano Kuu kwa ajili ya punda, mkae karibu na kanisa la São Victor msafara unakoanzia, ili wakichoka mrudi mapema.

Unaishi Ulaya na una Jumamosi na Jumapili tu: Noite Branca, au Jumamosi ya Braga Romana ukianza saa tatu asubuhi. Juma Kuu halifai, kwa sababu kufikia Jumamosi misafara mikubwa imekwisha.

Unatoka Afrika Mashariki na unalipa nauli mara moja kwa miaka: chagua São João au Juma Kuu, maana tarehe zake zinajulikana mapema na viza inapangika. São João, ongeza siku mbili mbele na mbili nyuma. Juma Kuu, fika Jumanne.

Unasafiri na mama au baba mwenye magoti mabaya: Oktoba. Kilima cha Bom Jesus, kilicho katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2019, kina ngazi zaidi ya 570, lakini kando yake kuna kigari cha reli cha mwaka 1882 kinachopanda kwa uzito wa maji tu, bila injini. Basi namba 2 kutoka mjini humshusha mlangoni.

Fedha ni kidogo: Mei, kwa vitanda vyake. Juni unaweza kuimudu usipolala kabisa, kama wafanyavyo vijana wengi, ukapanda treni ya kwanza ya alfajiri na mrehani wako mapajani.